Taa ya Mama na Rangi ya Ijumaa Kuu

Baba, shikamoo.

Nimeitamka kwa sauti hapa dukani, na mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akadhani namsalimia yeye. Akaitikia marahaba bila haya, na kwa kumtazama tu nimemzidi miaka kumi. Nimemwachia. Tangu tulipokulaza pale chini kidogo ya nyumba, katikati ya kahawa na migomba, shikamoo zangu kwako hazina wa kuzipokea, acha watu waziokote.

Ni mimi, Nakundwa, binti yako wa kwanza, yule uliyekuwa ukimwita mwoga mbele ya wageni kisha ukimwongezea nyama. Bado ni mwoga, Baba. Tena nimezidi. Nakuandikia nikiwa Same, kwenye duka langu la steshenari karibu na stendi. Jua limewaka mpaka bati linalia, na vumbi limeingia hadi kwenye mashine ya kopi. Lakini nikitoka mlangoni na kuinua macho, milima ya kwetu siioni. Wingu limeikalia tangu saa nne asubuhi. Juu ya meza yangu kuna taa ndogo inayowaka kijani, na kila nikimaliza mstari nainua kichwa kuitazama. Nitakueleza taa hiyo ni nini, maana wewe uliondoka kabla yake.

Kwanza niseme ninachokiogopa, usije ukadhani nazunguka mbuyu. Naogopa mlima ulio nyuma ya nyumba yetu. Naogopa ndiva, lile bwawa la udongo na mawe walilolijenga mababu juu yetu ili maji ya mfereji yajikusanye, kisha yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema ndiva ikijaa kwa mfereji ni baraka, ikijaa kwa mvua ni mgeni asiyepiga hodi. Na zaidi ya hayo yote, naogopa kwamba siku mlima utakaposhuka mama atakuwa ndani, kwa sababu hataki kukuacha.

Unalikumbuka lile kopo lako? Kopo la mafuta ya kupikia, ulilolipigilia juu ya nguzo katikati ya uwanja, mbali na miti ili matone ya majani yasilidanganye. Ndani uliukwaruza mstari kwa msumari. Kila asubuhi baada ya chai ulitumbukiza kijiti cha mharage, ukakitazama, ukakifuta kwenye suruali, mama akalalamika kuhusu suruali. Sisi watoto tulijua sheria moja tu: maji yakifika kwenye mkwaruzo, mtu asiulize swali. Yaani hata kama chakula kiko mezani.

Na kweli kilikuwa mezani. Nilikuwa darasa la nne. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, ukatoka na gunia kichwani kwenda kuchungulia kopo, ukarudi hujasema neno, ukamfungua ndama. Tukajua. Mama alijitwisha sufuria la makande jinsi lilivyo, la moto, juu ya kata ya khanga. Mimi nilibeba kuku kwenye tenga. Tukavuka korongo kwenda kwa Shangazi Nanzige, dada yako, ambaye nyumba yake iko pale kanisani, juu ya mwamba ambao haujawahi kutikisika. Nililia njia nzima, na kuku mmoja alinidonoa sikio.

Tulipofika, mvua ikakatika. Jua likatoka, Baba, jua la kutukejeli kabisa. Ndiva haikumwaga hata ndoo. Wiki nzima kijiji kilikuita Nuhu. Ukipita dukani wanakuuliza, Mzee Nuhu, safina umeiegesha wapi? Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wewe uliwajibu kwa ile methali, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, basi wacheke. Lakini mimi uliniambia jingine, siku ile ile tukirudi, umenishika mkono kwenye utelezi wa korongo.

"Afadhali tuchekwe tukiwa wote."

Sentensi hiyo nimekaa nayo miaka yote hii. Ulipougua, ukashushwa hospitali na hukupanda tena ila ndani ya jeneza, sikulia sana kwa ajili ya mambo makubwa. Nililia nilipoona kopo limejaa maji ya mvua ya siku tatu na hakuna aliyelimwaga.

Baada yako mama hakulishughulikia. Alifungia kamba ya nguo kwenye ile nguzo, basi. Mimi niko huku chini, na huku chini mvua ni habari tu. Unajua Same ilivyo: mtu anaweza kupigwa na jua mpaka ngozi ichubuke huku mlimani kwao nyumba zinaelea. Nikawa mtu wa kutazama mawingu. Wateja wananipa karatasi, mimi nimesimama mlangoni nimekodolea macho mlima. Kila masika nilikonda. Nilikuwa napiga simu mara sita kwa siku, mpaka mama akawa anapokea na kusema, "Sijafa," kabla sijamsalimu.

Ndipo nilipoiona taa. Nilikuwa nimekwenda Dar kununua karatasi na wino, nikapita duka moja la Kariakoo lenye balbu inayobadili rangi kufuata muziki, kama baa. Muuzaji akaniambia hii unaiamuru kwa simu hata ukiwa nchi nyingine. Wateja wengine waliona taa ya sherehe. Mimi niliona kopo lako. Nilinunua mbili, nikazipakata kwenye basi kama mayai.

Haikuwa kazi nyepesi, na hapa niruhusu nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Miezi kadhaa nilijifunza kwenye video, duka likishafungwa na hata likiwa wazi. Kuna ukurasa mmoja mtandaoni unaotoa takwimu za mvua kwa kila saa: ukiupa namba za mahali popote duniani, unakujibu mvua iliyonyesha hapo na inayokuja. Nilipanda nyumbani nikasimama kando ya nguzo yako na simu mkononi, nikachukua namba za uwanja wetu. Kisha nikanunua kikompyuta kidogo, ukubwa wa kiberiti, nikakificha nyuma ya redio yako. Kazi yake ni kuuliza ule ukurasa kila baada ya dakika kumi: kwa Mzee kunanyesha kiasi gani? Kikipata jibu kinaiamuru taa ya sebuleni ivae rangi. Ile taa ya pili iko hapa kwangu, na inavaa rangi ile ile. Si kamili kama kopo lako. Takwimu zenyewe ni za kukisia, satelaiti haitumbukizi kijiti. Lakini haihitaji mtu atoke na gunia kichwani.

Nikamkalisha mama. Nikamwambia taa hii isizimwe, mchana na usiku, nayo inategemea wifi. Akanitazama kwa huruma.

"Wifi yangu mwenyewe magoti yamemwisha, ataitegemezaje taa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba si wifi yake Nanzige, ni wifi ya mtandao. Akasema sawa, ila mtandao ungetafuta jina lake. Baadaye nikamfundisha rangi: kijani, kaa kwa amani. Njano, mvua ni nzito, sikiliza. Nyekundu, funga mzigo. Zambarau, ondoka. Akaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Wewe umeishi naye, unaijua hiyo ndiyo yake. Mimi niliiamini. Nilishuka Same nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu uzikwe.

Baba, sasa nafika pale nilipokuwa nakwepa kufika.

Masika ya mwaka jana, saa kumi alasiri, nilikuwa natoa kopi za mtihani wa shule fulani. Huku chini hakuna hata tone. Taa yangu ilikuwa nyekundu tangu saa nane, na nilishampigia mama nikamsikia anaimba pambio, nikajua yuko sawa, anaimba huku anafunga mzigo. Nikarudi kwenye mashine. Nilipogeuka tena, taa ilikuwa zambarau. Nikapiga. Ikaita, ikaita, akapokea kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani. Nikamuuliza taa ina rangi gani. Akasema zambarau, ina muda sasa. Nikamuuliza umefika wapi, umeshavuka korongo?

"Nimepiga magoti," akasema. "Usipige kelele, mwanangu. Naomba."

Nikamwambia mama toka. Nikapiga kelele hizo hizo alizozikataza, mbele ya wateja. Kisha simu ikakatika, na kila nilipopiga nikaambiwa namba haipatikani. Nikampigia shangazi, haipatikani. Nilisimama katikati ya duka nikashika kaunta, na nilichokiwaza nisingependa hata wewe ukijue. Nilianza kupanga nani nimpe taarifa kwanza.

Taa yangu hapa ilibaki zambarau. Kumbe ya mama ilikuwa imebadilika. Umeme uliyumbayumba huko juu, ukaenda, ukarudi, na mtandao ukaenda moja kwa moja bila kurudi. Balbu ikipoteza umeme kisha ikaupata, inasahau ilichofundishwa, inawaka jinsi ilivyotoka kiwandani. Na kiwandani imetoka nyeupe. Peee. Mama akiwa ameinama, sebule nzima ikawa nyeupe. Akainua kichwa. Akashukuru kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, akainuka, akafungua mlango wa mbele kupata hewa, akaanza kutafuta kiberiti aende jikoni kubandika chai.

Kiberiti hakukiona. Ndicho kilichomwokoa, kiberiti kilichoangukia chini ya kochi. Alikuwa bado ameinama anakipapasa aliposikia mngurumo nyuma ya nyumba.

Nilifika kesho yake asubuhi kwa pikipiki, mahali pengine nikiwa nimeibeba mimi badala ya yenyewe kunibeba. Kingo za ndiva zilikuwa zimepasuka upande mmoja, na kipande cha mlima kimeshuka na maji. Jiko halipo. Banda la mbuzi halipo, na mbuzi wote watatu. Nguzo yako na kopo lake vimekwenda. Tope lilipita ubavuni mwa nyumba, likashuka mpaka kaburini kwako, na pale kwenye saruji yako likagawanyika, nusu huku, nusu kule, likasimama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele yake, amevaa gauni la kanisani, mzima, hana hata mkwaruzo. Nilipiga magoti kwenye tope nikamshika miguu. Yeye akanishika kichwa, akasema, "Baba yenu aliinuka, akauzuia mlima."

Sikumbishia. Lakini Baba, macho ninayo. Tope lilikuwa limeshaipita nyumba lilipofika kwako. Wewe hukulizuia lisifike kwa mama. Lilichagua njia lenyewe, na safari nyingine linaweza kuchagua mlango.

Nilikaa naye wiki mbili. Nilikuwa na hasira, nikiri. Nilimuuliza mara ngapi nilimwambia zambarau ni kuondoka. Jumamosi moja alikuwa ananyoosha vitambaa vya madhabahu, unajua hiyo kazi hajaiacha tangu awe msichana, pasi ile ile ya mkaa, na anaipuliza majivu kwa upande ili yasiguse kitambaa. Vyote alikuwa amevitandaza kitandani kwenu. Mimi nimesimama mlangoni, nimenuna. Nikaviona. Kijani. Nyekundu. Zambarau. Cheupe. Vimepangwa kimoja baada ya kingine, rangi zile zile za taa yangu.

Nikamuuliza taratibu, mama, ile taa ikiwa kijani ulikuwa unaelewaje? Akasema ni siku za kawaida, mtu analima. Na nyekundu? Akasema Pentekoste, Roho anashuka, ndiyo maana aliimba. Njano alisema hakuielewa vizuri, alidhani ni nyeupe iliyochakaa. Zambarau sikumuuliza. Alijieleza mwenyewe, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi: zambarau ni Kwaresima, na Kwaresima mtu hakimbii. Anatulia mahali pake, anapiga magoti, anatubu, anangoja. Halafu ikawa nyeupe.

"Ningetokaje, Nakundwa? Ilikuwa Pasaka."

Baba, nilikaa kitandani juu ya kitambaa cha Pentekoste, na mama hakunigombeza. Nilikuwa nimempigisha magoti mama yangu chini ya mlima unaoshuka, kwa taa yangu mwenyewe, kwa akili zangu za Kariakoo. Mimi niliyebeba vitambaa hivyo nikiwa mtoto, kila Jumamosi, nyuma yake, mikono miwili nimeinyoosha ili visijikunje! Nilizijua rangi hizo kabla sijajua kusoma. Nilikwenda Same nikajifunza rangi za kwenye simu, nikasahau za nyumbani, na usahaulifu huo ndio ninaouogopa kuliko ndiva yenyewe. Ni kitu gani kingine nimekisahau?

Baada ya kulia nikamuuliza: ni kitambaa gani kinachowatoa watu kanisani? Akafikiri. Akafungua droo ya chini kabisa akatoa cheusi, kile cha siku moja kwa mwaka. Akanikumbusha Ijumaa Kuu ilivyo kwetu: hakuna wimbo wa kutokea, hakuna kupeana mikono mlangoni, hakuna kusema tutaonana. Watu wanainuka wanatoka kimya, kila mtu na njia yake. Nikamwambia nyeusi ndiyo tunayoitaka, lakini taa haiwezi kuwaka nyeusi, hakuna balbu ya hivyo duniani. Akanitazama jinsi anavyowatazama watu waliosoma.

"Si uizime?"

Sikulala kwa furaha, Baba. Maana mama, ambaye hajui kikompyuta kinakaa nyuma ya redio kufanya nini, alikuwa ameona kasoro ya kazi yangu yote. Nikaibadili. Zambarau nikaifuta kabisa. Sasa mvua ikizidi, taa inazima. Mtandao ukikatika, kikompyuta kikiuliza mara tatu bila kujibiwa, taa inazima. Umeme ukienda, inazima yenyewe, na ukirudi inabaki imezima mpaka kikompyuta kiiamuru tena. Na hii ya kwangu, ikikosa habari za kikompyuta, inazima pia. Kukiwa na mvua juu ya bati na hakuna mwanga sebuleni, ni Ijumaa Kuu. Toka. Na ili akumbuke aende wapi, nikamtungia maneno ambayo yalimchekesha mpaka akaweka pasi chini: wifi ikikatika, nenda kwa wifi.

Ungedhani hapo ndipo nilipoanza kulala. Hapana. Vuli hii umeme umekatika kila mvua ikitishia, na mama ametoka mara nne. Mara nne amevuka korongo na fimbo, kwenda kwa Shangazi Nanzige, na mara nne mlima haukutikisika. Kijiji kimeshampa jina, ni ada yao. Wanamwita Mama Ijumaa Kuu. Wanamuuliza njiani, leo Yesu kafa tena? Mara ya nne alirudi amelowa, akakohoa siku tano. Jumapili iliyopita nilipompigia, hakusema sijafa. Aliniambia amechoka, na neno lake ndilo limenifanya nichukue karatasi.

"Mwanangu, safari ile baba yako alinilinda. Nikimwacha peke yake kila wingu likipita, atanielewaje?"

Ningemwambia nini, kwamba wewe ni saruji? Siwezi kutamka hivyo, na sidhani hivyo. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia wewe. Jumapili hii nitapanda nisimame kaburini kwako niisome barua hii kwa sauti, mama akiwa kando. Ndiyo maana siiweki kwenye bahasha. Naiacha wazi, aisikie mwenyewe, ajue nimekuomba nini: mruhusu. Mwambie unavyojua wewe kuambia watu, kwa ndoto au kwa vyovyote, kwamba hajakuacha. Wewe ndiye ulimtwisha makande ya moto na kumvusha korongo. Wewe ndiye uliyeitwa Nuhu. Mtu aliyefanya hivyo akiwa hai hawezi kufurahi akiwa amekufa mke wake akizikwa ubavuni pake kabla ya siku yake.

Nimeacha kuandika kidogo, Baba. Taa imekuwa njano.

Nimempigia, amepokea. Anasema mvua ipo lakini si ya kutisha, anachambua maharage. Nimemwomba asivue viatu. Akasema mwanangu, una mambo.

Nyekundu. Ni saa tisa na robo. Nimempigia tena, simu inaita tu haipokewi. Labda ameiacha chumbani. Labda mvua ni kubwa haisikii. Mteja anataka kopi ishirini, nimemwambia mashine ni mbovu. Mungu anisamehe, mashine ni nzima.

Taa imezima.

Nilitazama mashine ya kopi haraka, labda umeme wa hapa umekatika. Mashine inawaka, feni inazunguka. Ni kule juu. Sijui kama ni mvua iliyozidi au ni mtandao uliokatika, niliipanga hivyo mwenyewe, giza halisemi sababu. Simu ya mama haipatikani. Ya shangazi inaita, inaita, inakata. Nimekaa chini nyuma ya kaunta ili watu wasinione. Natamka majina yenu yote mawili, nadhani ndiyo sala, sijui. Naandika kwa sababu nikiacha kalamu nitaanza kupiga yowe. Sasa hivi amekaa kwenye kiti chake, naona kabisa. Amekaa mbele ya dirisha anakutazama, na taa imezima nyuma yake, na anasema leo sitoki, wamenicheka vya kutosha. Toka mama. Toka kimya. Hakuna wimbo.

Robo saa. Dakika ishirini. Nimewahesabu mbuzi wale watatu waliokufa, sijui kwa nini.

Imeita, Baba. Namba ya shangazi. Nimeipokea. Nyuma yake nilisikia mvua, na Shangazi Nanzige akilalamika kwamba amemlowanishia zulia. Kisha sauti ya mama, anahema, anakohoa, hajui kama ninalia.

"Wifi imekatika. Niko kwa wifi."

Nimemuuliza amebeba nini. Amesema vitambaa, ndani ya ndoo yenye mfuniko, vyote vitano. Simu ameisahau juu ya meza. Amesema alipotoka alipita kwako kwanza. Alisimama kwenye mvua akakuaga, akakwambia yeye anatangulia kwa dada yako, magoti hayaruhusu kukimbia dakika za mwisho. Alikungoja kidogo, usikie. Kisha akaondoka, na hakugeuka nyuma, kama Ijumaa Kuu.

Basi huenda barua imekufikia kabla sijaisoma. Sielewi, wala siulizi.

Mlima bado umefunikwa. Taa yangu bado imezima, na sitaigusa. Nyumba sijui kama itaamka imesimama, na kesho huenda kijiji kitamcheka mara ya tano, na nitashukuru kwa kila kicheko. Bado naogopa, Baba. Ila nina neno moja la mwisho, nalo nataka ulisikie leo, nisingoje Jumapili. Mlima ukija, usiinuke. Usiuzuie. Uache upite, uchukue sebule, uchukue redio yako na kile kikompyuta, uchukue hata saruji yako. Ndani hakuna mtu.

Ni mimi, binti yako mwoga.